Gobori la Kale Limefika Limevunjika: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Karakana yetu iko Mkomani, Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Kazi yetu kubwa ni milango, viti vya enzi na masanduku ya kale, na kwa miaka kadhaa sasa tunapokea pia magobori: bunduki za zamani za kushindilia baruti kwa mdomoni, ambazo nyumba nyingi za pwani zimerithi kutoka kwa mababu. Husafiri kwenda maonyesho, kwa ndugu walioko Muscat au Unguja, kwa mthamini, kisha hurudi. Mara nyingine hurudi vipande viwili.

Tumeandika majibu haya kwa ajili ya mtu aliyekaa sasa hivi mbele ya sanduku lililopasuka. Mbao iliyovunjika hurekebika karibu kila mara. Yanayotutoa jasho ni yale mwenye mali aliyoyafanya katika saa ya kwanza kwa nia njema: alifagia, akasugua, akagundisha.

Sanduku limefika limebonyea. Nianzie wapi?

Usilifungue kwanza. Lipige picha likiwa limefungwa: pande zote sita, kamba, lakiri, kibandiko chenye nambari ya mzigo, na kila pembe iliyobonyea. Weka rula, au hata kiberiti, kando ya tundu ili ukubwa wake uonekane. Kisha, kabla aliyeleta hajaondoka, andika kwenye karatasi yake ya kupokelea maneno yaliyo wazi: "Pembe ya kulia imepasuka, ubao umetoboka, ndani hamjakaguliwa." Usiandike "limeharibika kidogo". Hilo "kidogo" ndilo watakalokushika nalo baadaye.

Hapa kwetu mzigo haufiki mlangoni kwa gari. Unatoka Mombasa kwa lori, unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Pale unateremshwa, unapakiwa botini, unavushwa, unapandishwa ngazi za jeti, yaani gati la boti, halafu hamali anausukuma kwa mkokoteni au unapandishwa punda. Wa ndege hutua Manda, nao lazima uvuke maji. Kila mkono unaopokea ni mahali ambapo sanduku linaweza kuanguka, na kila mmoja atasema lilimfikia likiwa tayari limevunjika. Ukiweza, kaulaki mzigo wako Mokowe. Piga picha pale, nyingine jetini, nyingine kizingitini kwako. Anayekupigia simu kusema "mzigo wako umefika, njoo" mwombe naye apige moja kabla hajaugusa.

Wakati wa kufungua, tandaza shuka nyeupe sakafuni, fungia paka na watoto nje, zima feni. Piga picha kila tabaka unaloliondoa. Vaa glavu za pamba au za mpira mwembamba, maana jasho la mkono lina chumvi na chuma cha kale hukipokea vibaya. Usilinyanyue gobori kwa kulishika shingoni, yaani pale pembamba baina ya mtambo wa kufyatulia na kitako. Lipokee kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyompokea mtoto aliyelala.

Nimeshatia saini kwamba limefika salama. Ndiyo basi?

Hapana. Saini hiyo inakudhoofisha, lakini haikufungi mdomo. Uharibifu ambao hauonekani kwa nje una muda wake wa kuripotiwa, tutaueleza hapa chini. Andika leo, si kesho.

Nitajuaje kama ndani hamna baruti?

Swali hili ungeliuliza kabla ya yote, na tunashukuru kila anayeliuliza. Magobori mengi yalitundikwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, mwenyewe akafa, na hakuna aliyekumbuka kuyatoa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichoki. Miaka mia na zaidi inaweza kupita nayo bado ikashika moto. Gobori lililoanguka, lililopasuka mtambo au lililolegea nyundo lazima lichukuliwe kuwa limejaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwanza, mdomo wa mtutu usielekee mtu wala ukuta wenye chumba nyuma yake. Pili, usiiguse nyundo. Kama ni bunduki ya fataki, yaani ya kuwashwa kwa kikofia kinachopigwa na nyundo, tazama kwa macho tu kama kuna kikofia kidogo cha shaba kilichovishwa juu ya kichuchu chake. Kikiwepo, acha kila kitu kama kilivyo, toka chumbani, funga mlango.

Kama hakipo, chukua ufito mkavu wa mbao, usiwe wa chuma, ukae ubavuni mwa bunduki na si mbele yake, uuingize mtutuni taratibu mpaka ugote. Tia alama kwenye ufito pale penye mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya ufito inapaswa kufika karibu na tundu la moto, kule nyuma penye mtambo. Ikiishia vidole kadhaa kabla ya hapo, ndani mna kitu. Huenda ni matambara, huenda ni kiota cha mdudu, huenda ni baruti na risasi. Usijaribu kujua ni kipi. Usivute, usitoboe, usipashe moto, usipulize. Ripoti kituo cha polisi kwamba una bunduki ya kale ambayo huenda imejaa, nao ndio watakaoelekeza nani aje.

Tumewahi kuletewa gobori lililosafiri kutoka bara likiwa limeshindiliwa. Lilipita mikononi mwa watu sita au saba, na mmoja wao alilikalia botini.

Limevunjika shingoni. Kwa nini kila mara ni hapo?

Kwa sababu ya uzito na mishipa ya mbao. Mtutu wa chuma ni mzito sana upande mmoja, kitako kipana upande mwingine, na baina yao kuna shingo nyembamba iliyochongwa ili kiganja kiizunguke. Mbao hiyo imepinda, lakini mishipa yake haikupinda nayo, inaikata shingo kwa mshazari. Tena ndani imechimbwa ili kukaza mtambo, kwa hiyo pale unapopaona pazima pana uwazi. Sanduku likianguka kwa ncha, mtutu unataka kuendelea na safari na kitako kimeshasimama. Shingo ndiyo inayolipa.

Ndiyo maana magobori mengi tunayoyapokea yamewahi kuvunjika hapo hapo zamani, yakafungwa kwa ngozi mbichi ikaachwa ikauka na kukaza, au yakazungushiwa waya wa shaba. Mafundi wale walijua kazi. Ukiona ufungaji wa namna hiyo, usiufungue hata kama umelegea, kwani nao ni sehemu ya maisha ya bunduki.

Hapo ndipo bima wanapopata neno: "Huu ni mvunjiko wa zamani." Jibu liko kwenye uso wa mvunjiko wenyewe. Mbao iliyovunjika juzi ni nyangavu ndani, ina rangi ya mkate uliokatwa sasa hivi, na vibanzi vyake vina ncha kali. Iliyovunjika zamani imekuwa nyeusi kwa mafuta, vumbi na jasho, na kingo zake zimelainika. Mara nyingine utaona zote mbili kwa pamoja: ufa mweusi wa zamani uliofika nusu ya shingo, kisha nusu nyingine nyeupe. Picha nzuri ya uso huo, mchana, karibu na dirisha bila taa ya simu, ina nguvu kuliko barua tatu. Ipige siku hiyo hiyo, kabla mikono haijaanza kuuchafua.

Kuna vibanzi na vumbi la mbao sandukuni. Nihifadhi?

Vyote. Hata vile vilivyo kama punje ya mchele. Tia kila kundi kwenye bahasha yake na uandike kimetoka upande gani wa sanduku. Majani, sponji na karatasi za kufungia nazo usizitupe mpaka dai liishe.

Hili naliandika nikiwa na jambo kifuani. Gobori la kwanza kuletwa kwangu lilikuwa la nyumba moja ya hapa Mkomani, lenye bamba dogo la fedha lililopigiliwa shingoni, nakshi ya majani, halizidi ukucha wa dole gumba. Lilikuwa limekwenda Nairobi kwa maonyesho, likarudi kwa lori hadi Mokowe. Maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za jeti zina utelezi, sanduku likaponyoka. Nililifungua mimi mwenyewe uani mbele ya wenyewe. Nilifurahi kuona limevunjika vipande viwili tu, safi, vinavyoingiana. Nikaviweka kando, nikakusanya yale majani ya kufungia kwa kumbo moja, nikampa kijana akatupe.

Jioni bibi mwenye nyumba alilipitisha kidole shingoni akaniuliza, "Mwanangu, ile fedha i wapi?" Tulikwenda jalalani na kijana yule tukachambua mpaka adhana ya magharibi. Punda walikuwa wameshatangulia. Hatukuliona. Tangu siku hiyo hakuna kinachotupwa hapa karakanani kabla ya kupita kwenye chekeche, na mwenye mali akishuhudia.

Naweza kuligundisha mwenyewe kwa supaglu, au kwa ile gundi ya kuchanganya mbili?

Tunakuomba sana usifanye hivyo. Gundi hizo huingia ndani ya mishipa ya mbao na hazitoki tena. Kipande kikikaa kombo kwa unene wa unywele, kitabaki kombo, na atakayekuja kukirekebisha itambidi akate mbao nzima. Sisi hutumia gundi ya ngozi, ile ya kuyeyushwa kwa maji ya moto, kwa sababu fundi wa miaka hamsini ijayo anaweza kuilainisha tena kwa joto na unyevu. Penye uzito mkubwa huongeza kijiti cha mbao ndani, lakini hiyo ni hatua ya mwisho, na mwenye mali hupewa maelezo kwanza.

Ukitaka kuvishika vipande visisuguane wakati unangoja, vifunge kila kimoja peke yake kwa kitambaa. Usivirudishe pamoja "kuona kama vinaingiana". Kila mara unapojaribu, ncha mbili tatu husagika, na hizo ncha ndizo zinazotuonyesha kila kipande kinakaa wapi. Selotepu pia usiweke juu ya mbao, itang'oa rangi ya kale.

Lilitoka halina kutu, limefika na kutu ya rangi ya chungwa.

Kutu ni za aina mbili na lazima uzitofautishe. Ile ya kahawia iliyokoza, iliyolala, inayoteleza chini ya kidole, imekaa hapo kwa miongo na sasa inakinga chuma kilicho chini yake. Iache. Ile ya rangi ya chungwa, ya ungaunga, inayoacha alama kwenye kitambaa cheupe, hiyo ni hai. Mara nyingi imetokana na mvuke uliofungiwa ndani ya plastiki au na maji ya bahari yaliyorukia botini.

Ondoa plastiki, weka gobori mahali penye kivuli na hewa, pangusa unga huo kwa brashi laini ya rangi. Chuma peke yake, bila kugusa mbao, unaweza kukipaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo tu, kisha ukipanguse mpaka kionekane kikavu. Msasa, brashi ya waya, ndimu, ukwaju na dawa za kung'arishia shaba viweke mbali. Nimeona mtutu uliokuwa na jina la fundi na nambari zikasuguliwa zote kwa asubuhi moja. Mafuta ya nazi nayo, ambayo wazee wetu waliyapaka kwa mapenzi, hugeuka utandu unaonata na kukamata vumbi.

Kama limeingia maji ya chumvi hasa, usilianike juani. Lifunge kwa kitambaa safi na utuletee siku hiyo hiyo. Chumvi ikishakaukia ndani ya chuma, kila msimu wa unyevu itaiamsha kutu upya.

Mbao imepasuka lakini sanduku ni zima, halikubondwa. Bima wanasema ni "ubovu wa asili".

Neno hilo liko karibu katika kila mkataba wa bima ya mizigo, na maana yake ni kwamba kitu kimejiharibu chenyewe kwa tabia yake, kama ndizi inavyoiva. Mbao iliyokaa vizazi katika hewa ya Lamu imeshiba unyevu. Ipeleke kwenye chumba cha kiyoyozi au ndani ya kontena linalochemka juani wiki mbili, itasinyaa. Chuma hakisinyai nayo. Mbao inajaribu kujikaza juu ya mtutu usiokubali, mwisho inapasuka kwa urefu, chini ya pete au kando ya bamba la mtambo.

Kisheria wanaweza kuwa na hoja. Yako inategemea mambo mawili: je, msafirishaji aliandikiwa mapema kwamba mzigo unahitaji kukingwa na joto na ukavu, na je, ulikaa muda mrefu kuliko alivyoahidi? Kama kontena lilikwama bandarini mwezi mzima kwa uzembe wake, hilo ni la kubishaniwa. Kama hukuandika chochote na ulifunga kwa gazeti tu, nakuambia kwa masikitiko kwamba dai lako ni dhaifu.

Nina siku ngapi za kudai?

Kwa ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unakupa siku 14 tangu kupokea mzigo kuandika lalamiko la uharibifu. Kama gobori lilisafiri kama begi la abiria, ni siku 7. Kesi yenyewe ina miaka miwili. Kwa meli chini ya kanuni za Hague, uharibifu unaoonekana huandikwa pale pale unapopokea, usioonekana ndani ya siku 3, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Kwa lori na boti za ndani tazama masharti yaliyo nyuma ya stakabadhi, maana wengine wameweka saa 24 tu.

Lalamiko liwe la maandishi. Simu kwa mtu wa ofisini anayekuambia "usijali, tutashughulikia" haihesabiki.

Watanilipa thamani yake yote?

Kama hukukata bima yako mwenyewe, karibu kila mara hapana. Chini ya mkataba huo wa Montreal msafirishaji hulipa kwa uzito, na kiwango cha juu tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha Duniani, na kimoja ni dola moja na ushee. Sanduku lenye gobori likiwa na kilo 10, mwisho wake ni SDR 260. Kwa kitu ambacho babu yako alikishika mkononi, hiyo si fidia. Njia ya kuvuka kiwango hicho ni kutangaza thamani maalumu wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ziada.

Bora zaidi ni bima ambayo thamani imekubaliwa kabla ya safari, kwa ripoti ya mthamini na picha. Uliza maswali mawili kabla ya kulipa: je, watalipia pia upungufu wa thamani baada ya matengenezo? Na wakilipa thamani yote, mabaki ni ya nani? Kwa kawaida bima ikilipa yote, kitu huwa chao. Kuna familia zilizogundua jambo hili baada ya kutia saini.

Mthamini anataka "historia yake". Sisi tunajua lilipiganwa vita vya Shela. Inatosha?

Karibu kila nyumba ya Lamu yenye gobori husema hivyo, nami naheshimu sana masimulizi ya wazee. Lakini tazama mtambo. Vita vya Shela, vya watu wa Lamu dhidi ya Mombasa na Pate, vilipiganwa kwenye miaka ya 1812 hadi 1814. Bunduki za fataki zilianza kuenea baada ya 1820. Gobori lenye kichuchu cha fataki halikuwepo Shela katika umbo hilo. Laweza kuwa lilikuwa la gumegume kwanza, yaani la kuwashwa kwa cheche za jiwe, likageuzwa baadaye, kwani mafundi walifanya hivyo sana. Ukiona kwenye bamba la mtambo mashimo yaliyozibwa, pale kilipokaa kisahani cha baruti, basi masimulizi yenu bado yana pa kusimama. Kwa hiyo usikubali mtu "asafishe" au abadilishe bamba lililopinda safarini. Mashimo yale ni ushahidi wenu.

Alama nazo zisome kabla hazijaguswa. Herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki nyingi za biashara ya Afrika. Taji juu ya muhuri huo liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo lenye taji limejaribiwa mwaka huo au baada yake. Neno TOWER na taji ubavuni mwa mtambo ni la Kiingereza, lakini lilipigwa hata kwenye bunduki za biashara, halithibitishi kwamba askari aliibeba. Na kama mtutu ni laini ndani, hauna mifereji ya kuzunguka, usione ni duni. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana silaha zenye mifereji katika sehemu kubwa ya Afrika na kuruhusu kwa masharti zile laini za gumegume.

Ni kitu cha kale cha ukutani tu. Nahitaji kibali cha polisi?

Usijijibu mwenyewe. Watu husoma kwamba Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale, au kwamba Uingereza ina kanuni zake za 2021, wakadhani ruhusa hiyo inasafiri na bunduki. Haisafiri. Ikifika Kenya inasimama mbele ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuingiza silaha nchini kunataka kibali. Iandikie Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha kabla ya safari, ambatisha picha, pata jibu la maandishi. Kuvunjika hakubadilishi jambo hili: mtutu na mtambo vikiwa vizima, vipande viwili ni bunduki bado. Sisi hatupokei gobori lisilo na karatasi zake, hata la jirani, na tunaomba radhi kwa hilo.

Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba ukiliziba mtutu kwa kuchomelea utakuwa umemaliza shida. Utakuwa umeharibu kitu cha kale bila kupata kibali.

Kuna fundi Ulaya aliye tayari kulitengeneza. Nilitume?

Ukishapata ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya silaha, kama tulivyosema. Ya pili ni ya turathi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakitoki nchini bila kibali. Gobori lako huenda limo. Anza kwa kuuliza maafisa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walioko hapa Lamu, ni watu wanaopenda kuulizwa.

Maoni yetu: mvunjiko wa shingo pekee haustahili safari nyingine ya ndege. Mtutu uliopasuka au mtambo wenye springi adimu, labda.

Nalifungaje lisivunjike tena?

Shingo isibebe kitu. Hilo ndilo kubwa. Kata sponji ngumu kwa umbo la bunduki, mtutu uegemee sehemu mbili, kitako sehemu moja pana, na chini ya shingo uache uwazi. Nyundo iwe imeshushwa. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, utolewe ufungwe peke yake, maana ukiachwa mahali pake huchomoka na kupiga kama mkuki.

Kitambaa cha kwanza kugusa bunduki kiwe marekani iliyofuliwa mara kadhaa bila kutiwa wanga. Si gazeti, kwa sababu wino wake huhamia kwenye mbao. Si plastiki iliyokazwa, hutoa jasho. Na si usumba wa makumbi, ijapokuwa ndio ulio karibu nasi: makumbi yamelazwa miezi mingi katika matope ya bahari, na chumvi haitoki yote. Tia pakiti za silika jeli, zile za kunyonya unyevu, ndani ya kisanduku cha kwanza, kisha kisanduku hicho kikae ndani ya cha pili na vidole vitatu vya sponji kila upande. Ukikitikisa usisikie chochote.

Kwenye hati andika ukweli wote kuhusu kilichomo. Nje ya sanduku andika tu "chombo dhaifu" na mishale ya juu na chini. Na mwongeze hamali, umwambie kwa heshima ni nini anachobeba: cha kale, cha watu, kimeshavunjika mara moja. Watu wetu wa jetini wakiambiwa hivyo hulibeba sanduku wawili wawili, bila mkokoteni.

Limeshatengenezwa. Naweza kulitundika tena mahali pake?

Si kwa kamba shingoni, na si moja kwa moja juu ya ukuta. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina chumvi na zinapumua unyevu mwaka mzima. Weka vibao viwili vilivyofunikwa ngozi, kimoja chini ya pete ya katikati ya mtutu, kingine chini ya kitako, na uache nafasi ya vidole viwili nyuma ili hewa ipite. Chagua ukuta wa ndani, usiwe ule unaotazama bahari. Kipangusie chuma mafuta kidogo kila upepo unapogeuka, kaskazi na kusi.

Gobori la yule bibi liko hivyo sasa, karibu na zidaka. Nilimwambia sonara anaweza kuchonga bamba jingine la fedha kwa kufuata picha ya zamani. Alikataa. Palipokuwa na bamba pana kovu dogo lenye mashimo manne ya misumari, na ameniomba nisilijaze nta.